Picha ya Kupeleka Kondoa

“Hawatasimama pamoja,” Saleh alisema. “Hii mara ya nne nasema. Sitasema ya tano.”

“Ukishaanza kuhesabu utaisema tu,” nikamjibu.

Nilisema kwa shida kwa sababu nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye baraza ya duka letu, Katesh, nikikunja pindo la gauni la binti yetu Mariamu. Yeye alisimama juu ya sanduku la mafuta ya taa, uso wote mweupe kwa poda. Gauni lilishonwa na Doto, fundi aliyeweka cherehani yake pale barazani kwetu, na lilikuwa refu upande mmoja. Doto alidai gauni liko sawa, ila Mariamu amesimama upande. Goti langu la kushoto lilikuwa linauma tangu Jumatatu, na nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo ili kuwasha makaa ya pasi. Sikuwa na nguvu ya kugombana na fundi na mume kwa wakati mmoja. Nikachagua mume.

“Baba Mariamu, ni picha tu. Wanasimama, mtu anahesabu mpaka tano, kila mmoja anakwenda zake.”

“Mchumba si mke. Binti hasimami begani kwa mwanamume kabla ya nikahi, halafu watu wakabaki na karatasi ya kuonyeshana. Mimi ndiye ninayewasalisha hapa. Ijumaa nitawatazamaje?”

“Kwa macho, kama Ijumaa zote.”

Doto alicheka, akajifanya anakohoa. Saleh hakucheka. Alirudi ndani ya duka, akachukua kitambaa na kuanza kufuta mizani ambayo alikuwa ameifuta muda mfupi uliopita.

Nieleze jambo lenyewe. Mchumba wa Mariamu aliitwa Abdulrahmani, kijana wa Kondoa, mchanja ng'ombe wa serikali. Miaka miwili alikuwa hajakanyaga kwao. Alikuwa akizunguka mbuga zote za chini ya mlima na sindano za bwana mifugo, na akirudi Katesh alikuwa akinunua kwetu sabuni ambayo haiwezi kuisha kwa kasi ile hata akiwaogesha ng'ombe. Baadaye akaleta posa. Tukaikubali. Kisha ikaja barua kutoka kwa mama yake, mjane, ikiwa imeandikwa na mjomba. Mama anasema hatatoa radhi mpaka amwone huyo binti.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwa desturi yetu binti hakanyagi kwa wakwe kabla ya nikahi. Mama mwenyewe, barua ilisema, hawezi safari. Na Abdulrahmani alisema hawezi kuoa bila radhi ya mama, jambo ambalo nilimheshimu kwalo mwezi wa kwanza tu. Nikahi inangoja radhi, radhi inangoja kuonana, kuonana kunangoja nikahi. Miezi mitano tukaenda hivyo, barua kwenda, barua kurudi. Mwaka ulikuwa 1953, mwezi wa saba, upepo wa Katesh umeshaanza, na mimi nilikuwa nimechoka na barua.

Picha ilikuwa wazo langu. Nakiri.

Nilikuwa na sababu. Posa ya kwanza ya Mariamu, ya kijana wa duka la Dongobesh, ilikufa kwa kungoja. Walingoja mjomba, wakangoja mvua, wakangoja mjomba mwingine, na siku moja tukasikia kijana ameoa Mbulu. Mariamu hakulia mbele yetu. Alikuwa akiosha sufuria moja mara tatu, nne, mpaka namnyang'anya mkononi. Watoto wengine wawili niliwazika wangali wadogo. Huyu ndiye aliyebaki. Sikutaka kumwona tena pale nyuma ya nyumba na ile sufuria.

“Mama, viatu vinabana,” Mariamu alisema kutoka juu ya sanduku.

Vilikuwa viatu vya mke wa Doto, vyeusi, vya kamba.

“Vitabana mpaka uhesabiwe tano. Simama wima.”

Uwanjani kando ya duka, Hermani mpiga picha alikuwa akipigana na upepo. Hermani ni mtu wa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, aliyejifunzia kazi Arusha. Alikuwa akizunguka minadani na sanduku lake la miguu mitatu, leo Katesh, wiki ijayo Dongobesh. Alikuwa ametundika kwenye ukuta wetu kitambaa kikubwa kilichochorwa ngazi za jumba la kifahari na vyungu viwili vya maua. Kila upepo ulipopiga, ngazi zilijaa tumbo kama mama mjamzito.

“Mama Mariamu, jua linapanda,” aliita. “Likipanda sana macho yanakuwa mashimo. Mama mkwe ataona mafuvu mawili.”

“Mwambie baba wa fuvu la kike,” nikasema.

Abdulrahmani akatokea nyuma ya duka, amevaa koti. Aliamkia, “Shikamoo mama,” nikaitikia, nikaangalia koti. Nililijua. Lilikuwa la Hermani, jeusi, na lilikuwa pichani kwenye kuta za nyumba nne pale Katesh, kila ukuta na mwanamume mwingine ndani yake. Lilikuwa pana, kwa hiyo Hermani alikuwa akilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mbele mtu ni karani mkuu, nyuma ni kamba ya kuanikia. Saa ya mkononi nayo ilikuwa ya Hermani. Haikuwa ikitembea.

“Umependeza,” nilimwambia. “Usigeuke.”

Akamtazama Mariamu, Mariamu akatazama viatu. Saleh alikuja mlangoni na kitambaa chake cha mizani.

“Kijana,” alisema, “ninakupenda kama mwanangu. Lakini hamtasimama pamoja.”

“Ya tano,” nikasema.

“Ndiyo baba,” Abdulrahmani akasema. Alikuwa mtu wa ndiyo baba. Ng'ombe dume la pembe ndefu alikuwa akilishika pua kwa mkono mmoja, lakini mbele ya Saleh alikuwa anakuwa mtoto wa darasa la kwanza. “Tukiweka kiti katikati?”

“Kiti si ukuta.”

“Wewe mwenyewe ukisimama katikati, baba?”

“Hapo,” Hermani alisema, “mama ataona mwanawe anaoa mzee mwenye ndevu.”

Kwenye gunia la magadi mlangoni kulikuwa na mzee Gidahosh, mfugaji wa Hirbadaw, amejifunika shuka lake, anangoja tumbaku tangu asubuhi. Hakuna aliyemhudumia kwa sababu ya picha. Hakuwa na haraka. Alikuwa anatazama mambo yetu kama mtu anayetazama ndama akijaribu kusimama.

“Kuna njia,” Hermani akaendelea. “Nampiga kijana peke yake, nampiga binti peke yake. Arusha kuna Mhindi, anakata kwa mkasi, anabandika. Wanatokea wameshikana mikono na hawajawahi kukaribiana.”

Saleh alifikiri. Niliona anafikiri kweli, na nikaanza kuwa na matumaini.

“Watu wakiiona watajuaje kuwa ni gundi?” akauliza.

“Hawatajua. Ndiyo ufundi wenyewe.”

“Basi ni yaleyale.”

Nilitema pini. Niliketi chini barazani, mgongo ukutani, miguu mbele, kama mtu aliyepalilia shamba siku nzima. Hata saa nne ilikuwa haijafika. Nilifikiri: hawa watafika mwezi wa kumi na mbili bado wanapima kiti. Huyu mtoto atazeeka na poda usoni.

“Hiyo karatasi,” mzee Gidahosh akauliza polepole kwa Kiswahili chake cha mbugani, “mama akiipata, itamsalimia?”

“Haiongei, mzee.”

“Itamkamulia maziwa?”

“Hapana.”

“Itambebea maji?”

“Mzee, tumbaku yako inakuja,” Saleh akasema.

“Nauliza tu. Mkwe wangu alipokuja kwangu alikuja na miguu.”

Ndipo lori la Tawakali likasimama mbele ya duka na vumbi lake lote. Tawakali alikuwa dereva wa njia ya Singida kwenda Kondoa kupitia Babati. Alipita kwetu kila baada ya wiki mbili, na barua zote za yule mama zilifika mkononi mwake. Siku hiyo alikuwa amebeba ngozi, unanusa kabla hujaliona. Alishuka akijipangusa, akatazama Mariamu juu ya sanduku, Abdulrahmani na vibanio mgongoni, ngazi za Hermani ukutani.

“Shemeji Sada,” aliniambia, “nani kafa?”

“Mimi. Kaa unywe chai. Hermani akitoa picha Arusha atakupa Babati, nawe umpelekee mama yake Abdulrahmani. Mwambie huyu ndiye binti, atoe radhi tumalize.”

Tawakali alinitazama, kisha akamtazama Abdulrahmani. Alivua kofia.

“Picha ya kuangalia?”

“Unajua picha nyingine?”

“Kwa yule mama?” Aliteremsha sauti, ingawa tulikuwa wote pale tunamsikia. “Abdulrahmani, mama yako haoni. Tangu mwaka jana, wakati wa mavuno. Nikifika na barua ananishika mkono, ananipapasa uso mpaka hapa kwenye kovu, ndipo anasema, karibu Tawakali. Na wewe hukujua?”

Upepo ukapiga kitambaa, ngazi zikajaa, zikapoa.

“Barua haikusema,” Abdulrahmani alisema.

“Labda hakutaka uache kazi. Nilidhani mjomba wako kakwambia pembeni. Mimi ni dereva, naleta karatasi, sisomi za watu.”

“Ilisema hawezi safari. Nikajua ni miguu.”

“Miguu yake inampita hata Doto.”

Abdulrahmani alikaa kwenye ngazi ya baraza, ile ya udongo, ya kweli. Kibanio kimoja kikafyatuka mgongoni, kikaanguka, hakukiokota. Aliivua ile saa, akaiweka juu ya goti, akaitazama kama vile angeweza kuona humo mwaka mzima alioukosa. Mariamu alishuka kwenye sanduku bila kuniuliza. Hakumkaribia, baba yake alikuwa palepale. Alisimama hatua tatu mbali na viatu vyake vya kubana, mikono imelegea, na nikamwona usoni, chini ya poda, ule utulivu wake wa sufuria.

Nilijua anawaza nini. Hakuna picha tena. Mama haoni, binti haendi, kijana haoi. Hii nayo imekufa.

Nataka kusema nilifikiri sana. Sikufikiri sana. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana muda wa kuzunguka nyumba kutafuta mlango. Anapita palipo wazi.

“Tawakali, unaondoka lini?”

“Maji yakishaingia kwenye rejeta. Nalala Babati, kesho jioni niko Kondoa.”

“Abdulrahmani, bwana mifugo kakupa ruhusa siku ngapi?”

“Sita, mama.”

“Zinatosha.” Nikashika nguzo ya baraza, nikainuka. Goti lilipiga kelele. “Baba Mariamu, mama yule anataka kumshika huyu mtoto uso. Hajaomba kingine. Mtoto aende akashikwe.”

“Binti yangu hapandi lori na mwanamume ambaye si mume wake,” Saleh akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena, ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi ukutani.

“Basi mwoze.”

“Leo?”

“Sasa hivi. Wewe ni baba yake, na ndiye unayewaozesha wote wa hapa. Tawakali shahidi, Doto shahidi. Unataka nani tena?”

“Na radhi ya mama?”

“Anaifuata mwenyewe, na mke mkononi. Mama akikataa,” nikamgeukia Abdulrahmani, “utanirudishia mwanangu kwa lori hilihili, na sitakulaumu. Ila sidhani. Mama ambaye hataki mkwe hatumi barua miezi mitano. Huyu anamngoja.”

Abdulrahmani alinyanyua uso. “Mimi niko tayari, mama,” alisema. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamtazama Saleh machoni. “Niko tayari, baba.”

“Na karamu?” Saleh akaniuliza mimi. “Umeweka mchele. Umesema mwezi wa tisa. Umesema...” Nilijua anachotaka kusema. Nilikuwa nimesema nataka kukaa naye mpaka mwezi wa tisa. Nilikuwa nimehesabu mpaka siku.

“Karamu tutakula wakirudi. Mchele hauozi.”

“Hujamuuliza mwenyewe,” Saleh alisema.

Kweli. Miezi mitano tulikuwa tumeuliza Kondoa yote. Nikamgeukia.

“Mariamu, unataka?”

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. “Nataka,” alisema. “Lakini naomba nivue viatu kwanza.”

Akaketi kwenye sanduku, nikamfungulia kamba mwenyewe. Vidole vilikuwa vimeshika alama. Nikavisugua. Nilivisugua kuliko vilivyohitaji.

Tuliingia ndani ya duka, kati ya marobota ya kaniki na madebe ya mafuta. Saleh alinawa, akavaa kofia yake ya Ijumaa. Alimkalisha Abdulrahmani mbele yake kwenye mkeka, akamwambia avue koti la watu. Doto alifika na utepe wake wa kupimia shingoni. Saleh akauliza mahari.

Mariamu alikuwa nyuma ya pazia na mimi. Akanong'ona, nikasema kwa sauti: “Anataka ng'ombe mmoja mwenye maziwa.”

“Ninaye,” Abdulrahmani akasema. “Ana mimba. Yuko Hirbadaw, kwa mzee Gidahosh. Amenitunzia tangu mwaka juzi.”

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Gidahosh alikuwa bado kwenye gunia lake.

“Yupo,” alisema. “Mwekundu, pembe moja imepinda. Ni mkorofi kukamuliwa. Huyo binti ajiandae.”

“Tunampokea na ukorofi wake,” nikasema.

Saleh alishika mkono wa kijana. Nimemsikia akiozesha watu miaka mingi, ana sauti ya kufika sokoni. Siku hiyo ilifika kwenye pazia tu. “Nimekuoza binti yangu Mariamu kwa mahari ya ng'ombe mmoja,” alisema, na akalazimika kusimama katikati ya maneno na kuanza upya. Abdulrahmani akakubali. Tawakali na Doto wakasema wamesikia. Hata chai ya Tawakali haikupoa.

Nje, rejeta ilikuwa imejaa. Nilifunga katika kanga moja gauni lake jingine, shuka, maandazi ya asubuhi, na kipande cha sabuni, kwa sababu nilijua sabuni za Abdulrahmani ziko wapi: zote bado ziko kwenye boksi lake, hajazitumia. Hermani alikuwa amesimama kando ya sanduku lake, kitambaa cheusi begani.

“Mama Mariamu, sasa wanaruhusiwa kusimama pamoja,” alisema. “Mzee hana neno tena. Nahesabu mpaka tano tu.”

Saleh aliniangalia. Hakupinga. Kijana na binti walinitazama pia, wakingoja niseme. Nilitazama ngazi zile za kuchora na vyungu vyake vya maua, kisha nikatazama jua.

“Kunja kitambaa chako, Hermani. Njia ya Babati ni ndefu.”

Niliingiza pembe ya kanga yangu kwenye ndoo ya maji ya Tawakali, nikamshika Mariamu kidevu, nikamfuta poda. Nilifuta paji la uso, nikafuta mashavu, nikafuta nyuma ya masikio ambako sijui iliendaje. Alifumba macho kama alivyokuwa akifumba akiwa na miaka minne.

“Mama, inatosha.”

“Akushike wewe, asishike unga. Akikushika usicheke hata kama mikono yake ni baridi. Mwamkie kwanza.”

“Ndiyo mama.”

Abdulrahmani alikuwa ameshapanda juu, kwenye ngozi. Wanawake hukaa mbele na dereva. Nikafungua mlango wa lori. Ngazi yake ilikuwa juu mno kwa gauni lile la Doto, refu upande mmoja, pini zangu bado pindoni. Nikainama, goti au si goti, nikampa mikono yangu miwili akanyage kwa mguu wake mtupu, nikamnyanyua mpaka ndani. Nikamrushia furushi la kanga. Nikafunga mlango.

Kisha nikagonga ubavu wa lori mara mbili, na Tawakali akatia gia.